Matroni Aliyeacha Kupaka Mafuta

Nianze na ujinga wangu, tusije tukasumbuana mbele ya safari: ni mimi niliyelipaka bomba la Matroni mafuta ya alizeti. Nililipaka kwa kitambaa, taratibu, kuanzia usawa wa kiuno mpaka pale mkono wangu ulipofika nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole. Kisha nikanawa kwa sabuni yake, nikamuaga kwa adabu zote, "Kwaheri Matroni, Mama anakusalimu," nikaenda zangu nyumbani kusubiri mpira uanze.

Mtu asiyekaa Utemini atauliza bomba linatafuta nini sebuleni kwa mwanamke mstaafu. Swali zuri. Lilifika pale kwa sababu ya upepo. Televisheni zilipoanza kuingia Singida, biashara zikiwa zimefunguliwa na kila mwenye duka anajaza vitu ambavyo hata yeye hajui kuviwasha, watu walisimika milingoti ya antena uani, na upepo wetu ukawa unailaza mmoja mmoja kama mahindi. Matroni alipopata kiinua mgongo alinunua televisheni, kisha akamwita fundi akamwambia antena yake haitalala. Fundi akachukua bomba la chuma, yale ya visima, akalizika kwa zege katikati ya sakafu ya sebule, akalipitisha kwenye dari na bati, akafunga antena juu kabisa. Upepo ukaja, ukapiga kelele, ukaondoka. Antena ikabaki. Nyumba nne tukaomba kuunga waya kwake, naye akakubali bure, kwa sharti moja: asisikie mtoto akilia wakati wa taarifa ya habari.

Kwa hiyo bomba lilikuwa na kazi halali. Kazi ya pili ilikuja baadaye, na ndiyo iliyonikosesha akili. Kila Matroni aliponing'inia kwenye lile bomba, picha ilitetemeka nyumba zote nne. Msomaji wa habari alitikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi. Baba alikuwa akisema, "Matroni ameingia kazini," anainuka kwenda kuzungumza na majirani mpaka picha itulie. Mimi nilivumilia habari, nikavumilia hata muziki. Lakini siku ya mechi ya watani wa jadi nikaona hapana. Nikasema moyoni, mzee akishindwa kupanda leo tu, mtaa mzima tutaona mpira. Hiyo ndiyo akili ya kidato cha tatu, kama ulikuwa hujawahi kukutana nayo.

Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka walipopunguza wafanyakazi, na kazi ilikuwa haijamtoka mwilini. Alitembea na rundo la funguo kiunoni, wakati nyumba yake ilikuwa na milango miwili. Nilimuuliza hizo nyingine ni za nini. "Za makabati yaliyoliwa na mchwa," akasema. "Unataka nikupe moja?" Alipima urefu wa sketi ya mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Chai yake alikutilia kijiko kimoja cha sukari, na kabla ya kukimimina alikitikisa kidogo kipungue. Ukikaa umejikunja, unapigwa kidole mgongoni: "Nyoosha." Na alikuwa na msemo ambao alimwambia mgonjwa, mvivu, na hata jogoo wake aliyekuwa anachelewa kuwika: "Mwili usiuombe ruhusa. Upe taarifa."

Halafu aling'aa. Hilo lazima nilieleze. Hewa ya kwetu ni kavu na upepo unachana ngozi, kwa hiyo mtu akitoka ndani hajapaka mafuta, miguu inakuwa kama imepita kwenye unga, na watu ama wanamcheka ama wanamhurumia. Mama anayejiheshimu haendi hata kutupa takataka akiwa amepauka. Matroni ndiye alikuwa mkuu wa jeshi hilo. Bwenini alikagua wasichana kila asubuhi, kiwiko, goti, kisigino, na aliyepauka alirudishwa. Yeye mwenyewe magoti yake ungeweza kuyatumia kama kioo cha kuchania nywele.

Mama yangu alipita kwenye mikono yake. Alilala kitanda cha dirishani, na mpaka leo Matroni anamwita "binti wa dirishani." Jumamosi moja Mama na kiherehere chake aliamua kutoroka kwenda dansini. Akapenya dirishani, akaruka, akaangukia magoti. Matroni alikuwa amekaa pale chini kwenye kigoda, anachambua mchele. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeruka vibaya, utavunjika. Panda uruke tena." Mama akapanda. Akaruka. "Kunja magoti ukifika chini. Tena." Walifanya hivyo mpaka Mama akawa anatua kama paka, ndipo Matroni akamwonyesha fyekeo na eneo la kukata majani, na eneo hilo, Mama anasema, lilikuwa linaelekea Manyoni. Mimi hadithi hiyo huwa inanichanganya. Kama hutaki mtu atoroke, kwa nini umfundishe kuruka? Nikimuuliza Mama anasema, "Matroni hakutaka mtu atoroke, na hakutaka mtu avunjike. Ni vitu viwili."

Mwaka niliokuwa naanza sekondari ndipo alipoanguka yeye mwenyewe, bafuni. Hakuvunjika kitu. Ila hakuweza kuinuka. Alilala kwenye sakafu yenye maji tangu jioni mpaka muuza maziwa alipopita asubuhi akaona mlango haufunguliwi. Muuza maziwa na Baba ndio waliomwinua, Mama akamfunika kanga. Baba alipoanza, "Shikamoo Matroni, pole sana," alimkatiza. "Niacheni nikae kwanza kama mtu. Salamu baadaye."

Mwanawe wa pekee anafanya kazi Mwanza. Akaja mbio. Si mtu mbaya, nasema mapema ili usimchukie. Alilia nyuma ya banda la kuku mahali alipodhani hakuna anayemwona, na mimi nilikuwa juu ya ukuta. Kisha akafuta uso, akaingia ndani, akamwambia, "Mama, ukianguka tena nakuja na gari. Nyumba tutaipangisha. Chumba chako kwangu kipo tayari, mjukuu wako ameshahama."

"Nikianguka na nikashindwa kuinuka," Matroni akasema.

"Ukianguka, Mama."

"Na nikashindwa kuinuka."

Wakabishana hapo hapo mpaka basi lake likakaribia kumwacha. Hakuna aliyekubali, lakini kila mmoja aliondoka akijua amewekewa mpaka. Matroni alikuwa ameijenga ile nyumba kwa mshahara wa bwenini, tofali kwa tofali, na aliwahi kuniambia kwamba maisha yake yote alilala kwenye chumba chenye mlango unaofunguliwa na mtu mwingine, mpaka alipohamia pale. Kwenda kukaa kwenye chumba cha mjukuu, hata kama ni chumba kizuri, kwake ilikuwa ni kurudi bwenini.

Hospitali walimwambia afanye mazoezi. Mazoezi gani, hawakusema. Mtoto wa kaka yake, dada mmoja anayefanya kazi hotelini Johannesburg, ndiye aliyemletea mkanda wa video alipokuja likizo. Mle ndani kulikuwa na wanawake, wengine na mvi zao, wameshika nguzo ya chuma. Wanajivuta juu, wanaikumbatia kwa magoti, wanazunguka, wanashuka polepole. Mama aliitwa kuangalia. Aliangalia akiwa ameziba macho kwa vidole vilivyoachana.

"Matroni," akasema, "hiki si kile kinachochezwa kwenye mabaa ya mijini?"

"Baa kuna viti pia. Wewe umeacha kukaa?"

Basi. Pazia likashushwa, godoro likazungushwa chini ya bomba, mlango ukafungwa kwa kufuli, na yule mwanamke aliyewahi kurudisha wasichana kwa sababu ya sketi akaingia ndani ya bukta ya bluu ya michezo, kwa sababu aliona kwenye mkanda kwamba chuma kinashikwa kwa ngozi, nguo inateleza. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo sisi tulijua tu kwamba akilipanda bomba picha inatetemeka.

Ila alikuwa anateleza. Wiki zilipita, anashika, anajivuta, anarudi chini kama ndoo iliyokatika kamba. Akaanza kuamini ni uzee. Nadhani hapo ndipo alipokaribia kukata tamaa, maana alianza kuuliza bei ya nauli ya Mwanza. Kisha yule dada akapiga simu kwenye duka la pale kona, Matroni akaitwa, na kwa kuwa aliongea kama watu wote wanaoongea na mbali, mtaa mzima tulisikia upande mmoja.

"Nateleza! ... Nasema na-te-le-za! ... Uzee, nini kingine! ... Ndiyo, naoga kwanza, nitafanyaje mazoezi na jasho la kutwa? ... Ee, napaka. Mwili mzima. ... Sasa nisipake? ... Wewe mtoto! Unataka nikae na magoti ya mchunga mbuzi?"

Halafu akasikiliza mpaka mwisho. Akarudisha simu polepole, akamlipa mwenye duka, akaenda nyumbani bila kumwambia mtu yeyote anyooshe mgongo.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani amepauka. Angeweza kupaka asubuhi akajiosha jioni, lakini alishajaribu, mafuta yaliyoshaingia kwenye ngozi hayatoki kirahisi, na yeye si mtu wa kufanya jambo nusu. Miguu ilikuwa ya kijivu. Viwiko kama vya tembo. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje ya ibada. Akina mama hawakucheka, walifanya kitu kibaya zaidi, walimhurumia. Mmoja akasema mwanawe ameacha kumtumia chochote. Mwingine akasema ni sukari. Wa tatu alimletea kopo la mafuta ya mgando limefungwa kwenye gazeti, akamwekea mkononi kwa kificho kama sadaka. Matroni akapokea kwa mikono miwili, akasema asante, Mungu akubariki, akaja akalitua mezani kwetu. "Binti wa dirishani, paka wewe."

Kujining'iniza kwenye chuma naamini kila mtu anaweza kujifunza akiwa na mikono. Lakini kupokea lile kopo na kusema asante, mbele ya watu uliowakagua visigino, mimi sijui. Nimelifikiria sana, na mimi si mtu wa kufikiria.

Akaacha kuteleza. Picha zetu zikaanza kutetemeka kweli kweli. Ndipo tunaporudi kwenye ule mpira.

Mama anakamua na kuuza mafuta ya alizeti, na kila wiki nampelekea Matroni ya kupikia. Siku ile alikuwa nyuma anafungia kuku. Bomba liko mbele yangu, chupa iko mkononi. Nilijua kwamba mafuta yanamtelezesha, si alishatangaza mwenyewe kwenye simu? Nilidhani atashika, atateleza akiwa bado amekanyaga chini, atakasirika, ataacha. Sikujua kwamba siku hizo alikuwa ameshafika mahali pa kuanzia juu ya stuli.

Mechi ikaanza. Picha ikatetemeka kidogo, nikatabasamu. Kisha ikaruka mara moja, kwa nguvu, skrini nzima. Kisha ikatulia. Sijawahi kuona picha safi namna ile, ungeweza kuhesabu majani ya uwanja. Baba na wageni wake wakashangilia. Mama ndiye aliyesimama.

"Mbona imetulia ghafla?"

Akatoka pekupeku.

Matroni alikuwa ameshika juu pasipo na mafuta, akarusha miguu, ikapita kwenye mafuta, akaja chini akakosa godoro kwa mguu mmoja. Mama alimkuta tayari amekaa, mgongo kwenye bomba, kifundo cha mguu kinavimba. "Nimekaa mwenyewe," akasema, kabla hajaulizwa. Lakini mama mmoja wa kanisani alikuwa anapita, ana simu mpya ya mkononi na hamu ya kuitumia, na kabla ya mapumziko Mwanza walikuwa wameshajua. Mwana akasema anaomba likizo, anakuja na pikapu.

Mama alipitisha kiganja kwenye bomba, akanusa. Mafuta yetu yana harufu ya maganda yaliyoungua kidogo. Alinigeukia, nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Huyu niachie mimi," Matroni akasema.

Adhabu yangu ilikuwa kwamba kila siku baada ya shule naenda kufuta bomba kwa majivu na kitambaa kikavu, natandika godoro, kisha nakaa nimeelekea ukutani wakati yeye anafanya mazoezi, naongea naye ili ajue siko usingizini. Ukuta ule naujua. Nyuma yangu nilisikia chuma kikilia, pumzi, na amri alizojipa mwenyewe kwa sauti ya bwenini: "Bega chini! Tumbo ndani! Unaenda wapi?" Mguu ulipopoa kidogo alianza na mikono peke yake. Alianguka mara nyingi, na kila akianguka alilala palepale, akajifunza kuinuka. Nilikuja kuelewa kwamba kupanda ilikuwa sehemu ndogo tu. Alikuwa anajifundisha sakafu.

Siku moja niligeuka kabla ya kuambiwa. Alikuwa amemaliza. Alishika bomba kwa mkono mmoja, akalizunguka polepole kwa miguu iliyopauka, kichwa amekiegemeza nyuma, macho amefumba, kama msichana anayezunguka mti akisubiri mtu. Mwanamke aliyekuwa anapiga marufuku viuno.

"Hiyo inasaidia nini, Matroni?"

Hakushtuka. Akamaliza mzunguko.

"Haisaidii kitu. Geukia ukuta."

Mwana akaja na pikapu ya mizigo, na turubai jipya limekunjwa nyuma. Mama alinichukua tukaenda, tukisema tunakwenda kusalimia, na nusu ya Utemini ikawa kwenye uzio nayo inasalimia. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia, "Kaka, hakuanguka kwa uzee. Ni mimi. Nilipaka bomba mafuta."

Alinitazama, hata hakukasirika. "Na wewe utanihakikishia kwamba Singida nzima hakuna mjinga mwingine?"

Nikatupia jicho wale wa kwenye uzio. Nawajua wenzangu.

"Mama," akasema, "tulikubaliana."

"Tulibishana," akasema Matroni. Akavua viatu, akaenda sebuleni, akajilaza chali sakafuni kando ya bomba. Akajigeuza, akalishika, akasimama. Kule nje watu wakapiga makofi.

Mwana akatikisa kichwa. "Umeshika bomba, Mama. Bafuni hakuna bomba."

Mimi nilimchukia mtu yule kwa sekunde kadhaa, kisha nikaona anasema kweli, na Matroni naye aliona. Aliliangalia bomba, akaliachia.

"Sawa," akasema. "Twende uani."

Uani ni vumbi tupu, na upepo ulikuwa umeshaanza. Akalala katikati, mbele ya mtaa wote, na gauni lake la kanisani. "Hapa hakuna kitu cha kushika," akamwambia mwanawe. "Na wewe usiwe kitu."

Akajiviringisha ubavu. Akaweka kiwiko. Kiwiko kikasukuma, kikakwama, akarudi chini, uso kwenye vumbi. Mwana akainama. "Kivuli chako kikinigusa naanza upya," Matroni akasema bila kumwangalia. Mkono wangu nao ulikuwa umeanza kwenda wenyewe, Mama akanishika sikio, akalishikilia. Kiwiko tena. Goti. Goti la pili. Alikaa hivyo kwa magoti na mikono muda ambao hata jogoo alichoka kumwangalia, mgongo unapanda na kushuka kwa pumzi. Akaongea Kinyaturu, polepole, sijui na nani. Kisha mguu mmoja mbele, viganja juu ya paja, na akasimama. Kwanza akiwa amejikunja. Halafu akanyooka.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Alikuwa na vumbi kuanzia nywele mpaka kucha. Alimtazama mwanawe, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu na hakuwa na banda la kuku la kujificha.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, Mama."

"Basi ingia ndani. Na hilo turubai litoe nje ya gari, linaonekana kama la msiba."

Alilala siku moja, kesho yake akaondoka. Pikapu nzima ilibeba gunia la vitunguu na kuku watatu waliofungwa miguu. Mimi na Mama tulisimama barabarani tukaitazama ikipita mpaka ikaanza njia ya Shelui, vumbi likailamba. Nikaona panahitaji kichekesho, nikasema, "Gari lote lile kutoka Mwanza, kuja kuchukua kuku watatu!"

Mama hakucheka. Aliendelea kutazama barabara, kisha akasema:

"Siku nikianguka mimi, usije na gari."